MG ya baba imelala miaka kumi na miwili: nianzie wapi?

*Swali: Shikamoo fundi. Baba yetu alifariki mwaka jana akatuachia gari aina ya MG ya mwaka 1967, nyekundu, ile isiyo na paa. Imekaa bandani kwetu Tudor, Mombasa, tangu macho yake yalipomzuia kuendesha, yapata miaka kumi na miwili. Nimeshaleta mafundi watatu. Wa kwanza anataka kuipaka rangi mpya, wiki mbili tu. Wa pili anataka kutoa injini aweke ya Toyota. Wa tatu anasema niipime kwa kilo niuze. Mimi ni mwalimu, naweza kutenga pesa kidogo kila mwezi. Ninachotaka ni kumpakia mama tukashusha turubai tukaenda Kilifi, kama baba alivyokuwa akimpeleka. Nianzie wapi?*

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa kufiwa na mzee.

Nikujibu kwanza lile la haraka: usipake rangi, usitoe injini, wala usijaribu kuiwasha. Wa tatu mshukuru, umwache aende zake. Kwa sasa gari hilo linamhitaji mtu wa kulala chini yake na tochi na sumaku, bila haraka, na mtu huyo anaweza kuwa wewe mwenyewe.

Kwa maelezo yako, yaelekea gari lenu ni MGB. Liliundwa Abingdon, mji mdogo karibu na Oxford, Uingereza, kuanzia 1962 mpaka 1980. Ukichanganya ya wazi na yale ya paa la bati, yaani MGB GT, yalitoka zaidi ya nusu milioni, na hiyo ndiyo bahati yako kubwa. Gari lililotengenezwa kwa wingi hivyo, halafu watu wakalipenda, halikosi spea. Karibu kila kipande chake bado kinatengenezwa, na tangu 1988 hata bodi nzima mpya inapatikana Uingereza. Fundi akikwambia spea za MGB zimekwisha duniani, ana maana hazipo katika maduka anayoyajua yeye.

Fungua boneti utafute kibati cha namba. Ikianza na GHN3, hilo ni toleo la kwanza la gari la wazi. Kisha tafuta namba ya injini kwenye bloku. Ikianza na 18GB, ni ile ya cc 1798 ambayo krankshafti yake, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, imekaa juu ya beringi tano. Zile zilizotangulia, mpaka mwaka 1964, zilikuwa na tatu. Ni injini ngumu sana, nitairudia. Nakili namba zote mbili. Makumbusho ya magari ya Uingereza yaliyoko Gaydon yanahifadhi madaftari ya kiwanda, na ukilipa hukutolea cheti kinachoonyesha gari lilitoka lini na lilikuwa la rangi gani. Kwa familia yenye gari la mzee, karatasi hiyo ina thamani yake.

Kabla hujagusa kitu chochote cha umeme, jua hili. GHN3 ilifungwa betri kinyume na magari uliyoyazoea: waya wa chanya ndio ulioungwa na bodi. Betri zenyewe ni mbili za volti sita, zimefichwa nyuma ya viti, chini ya kifuniko. Siku jirani mwema atakapokuja na nyaya zake za kuwashia, akaunga hasi kwenye bodi kwa mazoea, ataunguza vitu. Huenda baba yako alishaibadilisha zamani, maana wengi walifanya hivyo. Tazama ni waya upi ulioshikana na bodi, ukaandike kwa rangi nyeupe mahali ambapo kila fundi ataona.

Sasa tuje kwenye jambo lililonifanya nikujibu kwa urefu, nalo ni sili.

Gari la kawaida lina paa, na paa halikuwekwa kwa ajili ya mvua na jua peke yake. Pamoja na nguzo zake, linakaza mbele na nyuma ya gari kama kifuniko kinavyokaza sanduku. Ukikiondoa, sanduku linachezacheza. MGB haina chesisi ya vyuma vinene chini kama Land Rover za zamani, bodi yenyewe ndiyo mifupa. Na kwa kuwa haina paa, kazi ya kulizuia gari lisijikunje katikati imebebeshwa zaidi mikanda miwili ya bati iliyo chini ya milango, kushoto na kulia. Hiyo ndiyo sili. Wewe ni mtu wa Mombasa, nikikwambia sili ni mkuku wa gari hili, yaani kama ule uti wa mgongo wa jahazi, utanielewa mara moja. Jahazi likipasuka ubao wa ubavuni huzibwa kwa kalafati likaendelea na safari. Mkuku ukioza, kalafati ya nini?

Sili ya MGB si bati moja. Kuna la nje unaloliona, la ndani upande wa miguu ya abiria, jingine limesimama katikati yao, na chini kabisa kuna kipande kilichokunjwa meno meno kama ukuta wa ngome. Ndani yake mna uwazi. Matundu ya kutolea maji huzibwa na matope, chumvi ya hewa ya pwani ikaingia ikakaa na unyevu wake. Kutu huanzia ndani kuja nje. Siku utakayoona rangi imevimba kama chunusi chini ya mlango, bati la ndani limekwisha kuliwa miaka mingi.

Ndiyo maana huyo fundi wa wiki mbili ananitia hofu kuliko wenzake. Atafika kwenye hiyo chunusi, atakwangua, atakuta tundu, atalijaza pati, lile dongo la kuzibia mashimo, atapiga msasa mpaka ling'ae, kisha rangi. Utalipia gari zuri la kupiga picha, na chini yake mkuku umeoza. Mama yako hatapakiwa humo.

Kwa hiyo kagua. Chukua sumaku ya spika mbovu, uivike kitambaa usije ukachuna rangi, uipitishe taratibu chini ya milango yote miwili, kona za nyuma za mabawa ya mbele na duara za magurudumu. Inaponata kwa nguvu pana bati. Inapoteleza au kushika kwa unyonge pana pati. Halafu lala chini, bonyeza sili kwa ncha ya bisibisi pole pole. Bati zima linalia kengele, lililooza linanong'ona na bisibisi inazama. Fungua na kifuniko cha betri: maji na asidi hula visanduku vile na bati la mbele yake, na ni mahali ambapo hakuna anayepatazama. Chini ya kioo cha mbele kuna kijishimo kinachoingiza hewa, nacho kina mpira mdogo wa kutolea maji ya mvua. Mpira huo ukiziba kwa majani makavu, maji yote hujaa juu ya miguu ya dereva. Kama banda lenu liko chini ya mwembe au mkwaju, nina hakika umeziba.

Kisha pima milango. Gari likiwa limesimama sakafu sawa juu ya matairi yaliyojazwa, pima nafasi kati ya mlango na bodi kwa upande wa nyuma wa mlango, juu na chini, kila upande. Utapata namba nne. Ziandike. Halafu weka jeki kwenye sehemu yake ya kiwandani, katikati ya sili, inua kidogo tu huku ukitazama nafasi ile. Sili nzima haitakubali ibadilike. Ikibadilika, au ukisikia bati likilia kama karatasi kavu, shusha jeki, umeshapata jibu. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Nakuelezea kwa uchungu kidogo kwa sababu nililipa ada ya somo hili. Nilipokuwa kijana gerejini nililetewa gari la aina hii hii. Nilikata sili zote mbili siku moja, gari likiwa juu ya mawe manne, bila kulifunga nguzo. Bodi ilishuka katikati milimita chache mno, jicho halikuona. Nikachomelea sili mpya kwa ustadi wangu wote. Nilipoirudisha milango, haikufunga, wa kushoto wala wa kulia. Bati jipya lilikuwa limeushika ule upinde na kuufanya wa kudumu. Nilikata kazi yangu yote nikaanza upya, na mwenye gari alisubiri miezi mitano zaidi.

Utaratibu sahihi ni huu, na fundi asiyeukubali usimpe kazi. Gari likae usawa, likibeba uzito wake mbele na nyuma pale linapobeba siku zote, kwenye ekseli na springi. Mlango utolewe, chuma cha mraba kifungwe imara kutoka upande wa bawaba mpaka upande wa kitasa. Likatwe upande mmoja tu. Bati jipya lishikishwe kwa nukta chache, mlango urudishwe, ufungwe na kufunguliwa, zile namba zako zilinganishwe. Zikikubali ndipo achomelee moja kwa moja. Upande wa pili usiguswe mpaka huu uishe. Na anayechomelea awe na mashine ya MIG, ile inayochomelea kwa waya mwembamba. Fundi wa mageti na madirisha, kwa heshima zote, fimbo zake ni za chuma kinene. Bati hili halizidi unene wa milimita moja na kidogo, litatoboka na kupinda kwa moto.

Baada ya hapo fanya kama wenye majahazi wanavyopaka sifa, yale mafuta ya samaki, mbao zao kila msimu. Ndani ya sili ipulizwe nta ya kuzuia kutu kupitia matundu, ijae mpaka idondoke chini, na matundu ya maji yaachwe wazi. Rudia kila mwaka kabla ya masika. Kama sumaku yako itakwambia sili ni nzima, na inawezekana kwa gari lililolala bandani, basi fanya hili tu, ujue umeokoa zaidi ya nusu ya bajeti yako.

Kuhusu injini ya Toyota. Mimi naziheshimu Toyota, zimenilisha. Lakini injini ya MGB haikuuliwa na kitu, imelazwa tu. Ni ya mabomba machache na kabureta mbili, kila kitu unakifikia kwa mkono, na vipuri vyake vinaingia kwenye sanduku la nguo. Kuibadilisha kunataka mikono mipya ya kushikia injini, giaboksi nyingine, propela shafti ya kukata, rejeta, nyaya, na mwishowe gari ambalo hakuna kitabu chochote duniani kinacholieleza. Fundi aliyelifunga akihama mji, umekwisha.

Kuiamsha kunataka subira. Toa plagi nne. Mimina oili kidogo ndani ya kila silinda, kiasi cha vijiko viwili vya chai, uache siku tatu nne, na jioni ongeza tena. Kisha weka gia ya nne, plagi zikiwa bado nje, usukume gari nyuma mbele taratibu. Injini ikizunguka, umeshapata ushindi mkubwa. Isipozunguka usilazimishe, ongeza oili, ngoja wiki. Nimeona pete za pistoni zilizovunjika kwa sababu mtu alifunga kamba kwenye pikapu akavuta.

Petroli ya zamani ni sumu kwa gari hili. Imeshageuka gundi. Shusha tangi lote. Tangi la MGB huoza kwa juu, pale linapogusana na sakafu ya buti, kwa hiyo kulitazama likiwa limefungwa hakusaidii. Badilisha kila mpira unaopitisha petroli, hata ule unaoonekana mzima. Pampu yake ni ya umeme, iko chini nyuma upande wa kulia, na ikiwa hai utaisikia ikigonga tik-tik-tik unapofungua swichi, kisha inanyamaza kabureta zikijaa. Ikigonga bila kukoma, kuna mahali inavuta hewa au petroli inavuja.

Oili iwe 20W50 ya madini, ya kawaida kabisa. Usikubali ushauri wa oili nyepesi za magari mapya. Injini hii iliundwa na nafasi zake za zamani. Kabla ya kurudisha plagi, zungusha kwa stata mpaka geji ya presha ya oili ipande. Ikishapata moto na ukiwa barabarani, presha ikae kati ya paundi 50 na 80 kwa inchi ya mraba. Uwazi wa plagi ni milimita 0.64, pointi za distribyuta kati ya 0.35 na 0.40, valvu 0.38. Mpangilio wa silinda kuwaka ni 1-3-4-2. Na kabureta zake, za aina ya SU, zina vikopo vya kujazwa oili nyembamba kwa juu. Mafundi wengi wasiozijua huviacha vikavu, halafu gari likikohoa kila unapokanyaga wanalaumu petroli.

Utaambiwa pia kuwa petroli isiyo na risasi itaua valvu zako. Ni kweli injini hii iliundwa wakati petroli ikiwa na risasi, na sisi kusini mwa Sahara tuliiacha risasi kufikia mwanzo wa 2006. Baba yako basi aliendesha miaka kadhaa bila risasi. Usifungue silinda hedi kwa hofu. Pima uwazi wa valvu kila baada ya kilomita elfu chache uandike. Uwazi wa valvu za ekzosi ukiendelea kupungua kila unapopima, viti vyake, yaani pale valvu inapokalia, vinaliwa. Hapo ndipo hedi ipelekwe kwa watu wa mashine wakatie viti vigumu, na haitasumbua tena.

Joto ndilo litakalokusumbua Mombasa. Feni yake inazungushwa na injini yenyewe, kwa hiyo ukiwa kwenye foleni ya feri Likoni injini inanguruma pole na feni inazembea. Rejeta ifunguliwe isafishwe na fundi wa rejeta, isimwagwe maji tu. Mafundi wetu wa pwani wana desturi ya kung'oa thamostati, kile kilango kinachozuia maji mpaka injini ipate joto, na kuitupa. Usikubali. Bila thamostati injini huchelewa kufikia joto lake, oili haipati moto wa kutosha, na injini inaliwa ndani kwa ndani. Kiwanda kilikuwa na thamostati ya nyuzi 74 kwa nchi za joto; agiza hiyo.

Breki nisingependa uzifanyie hesabu ya senti. Gari la mwaka huo lina mfumo mmoja wa oili ya breki kwa magurudumu yote manne. Mpira mmoja ukipasuka, unakanyaga sakafu. Mipira yote ibadilishwe, ya mbele na wa nyuma, pamoja na raba za silinda zote na zile za silinda kuu. Mipira iliyozeeka huvimba kwa ndani, oili ikaenda isirudi, na gurudumu likabaki limeshikwa. Tumia DOT 4 na uibadilishe kila miaka miwili, kwani oili ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na unyevu wa Mombasa unaujua. Matairi nayo, hata kama yana kashata zote, yana umri wa kutupwa.

Mbele kuna kitu kingine kinachowachanganya vijana. Shokamzoba za MGB si zile ndefu za kawaida. Ni masanduku ya chuma yenye mikono, na mkono wa ile ya mbele ndio unaoshika sehemu ya juu ya gurudumu. Huwezi kuitoa ukaweka nyingine ya gari jingine. Zikivuja hukarabatiwa au hubadilishwa kwa za aina ile ile. Karibu yake kuna vichuchu vya girisi, vitatu kila upande. Vipigwe girisi kila kilomita elfu tano, gurudumu likiwa juu hewani ili girisi iingie mahali pake. Hii ndiyo huduma inayosahauliwa kuliko zote, na ndiyo inayofanya usukani uwe mzito kama wa trekta.

Kama lina magurudumu ya njiti, yale yenye nati moja kubwa katikati, soma mshale ulioandikwa kwenye nati kabla ya kuigonga. Ya kushoto na ya kulia hufunguka kwa mwelekeo tofauti, na imewekwa hivyo ili mwendo wenyewe uzidi kuikaza. Paka girisi kwenye meno ya ndani. Njiti zigonge moja moja kwa spana ndogo, inayotoa sauti ya mbao imelegea.

Turubai nimeliweka karibu na mwisho, ingawa najua ndilo linalokuwasha moyo. Kwanza, usitupe la zamani hata kama limegeuka matambara. Hilo ndilo kielelezo cha kukatia jipya. La vinaili lililoshonwa tayari linaagizwa Uingereza na linakaa vizuri. La kitambaa ni zuri zaidi, halipasuki upesi kwenye mikunjo, ila bei yake ni juu. Lakini Mombasa tuna mafundi wanaoshona maturubai ya malori na mapaa ya tuktuk kuanzia asubuhi mpaka usiku, na wana mikono. Ukimpa fundi wa namna hiyo kitambaa kizuri na la zamani kama kielelezo, na ukakaa naye, anaweza. Sharti langu moja ni uzi: awe na uzi wa nailoni au poliesta wa kuhimili jua, kwani uzi wa pamba utaoza kabla ya kitambaa. Lifungwe saa sita mchana juani, vinaili ikiwa imelainika, uanze kwenye fremu ya kioo cha mbele, kisha lijikaze lenyewe jioni likipoa.

Dirisha la nyuma la plastiki lisafishwe kwa maji mengi na kitambaa laini, kamwe usilifute kavu. Unapolikunja turubai, tandika taulo kati ya plastiki na plastiki. Na usilikunje likiwa limelowa, hata umande tu. Litaota ukungu mweusi usiotoka. Kwenye banda, liache limefungwa na kutandazwa. Turubai linalokaa limekunjwa miezi huvunjika palepale lilipokunjwa.

Rangi basi lini? Mwisho kabisa, na huenda kamwe. Paka praima na rangi pale ulipochomelea, kisha liendeshe hivyo hivyo miezi sita. Hitilafu zitajitokeza, utafungua hapa na pale, na hutaumia roho kwa mkwaruzo. Wakati huo jaribu kuisugua ile nyekundu ya baba yako kwa polishi kwenye kona moja ya buti. Rangi za zamani zinafifia juu juu, na chini huwa zina uhai bado. Ikiamka, mimi ningeiacha. Alama alizoweka mzee kwa pete yake karibu na kitasa cha mlango hazipatikani dukani.

Kuhusu pesa zako za kila mwezi: zigawe kwa kazi, usizigawe kwa gari zima. Usivue gari lote. Magari mengi niliyoyaona yakifia bandani yalikufa yakiwa kwenye maboksi, bolti hazina majina na mwenye gari amechoka. Fungua sehemu moja, ikamilishe, ifunge, uende nyingine. Breki mwezi huu na ujao, kisha petroli, kisha umeme. Piga picha kwa simu kabla ya kila bolti, na kila mfuko wa nati uuandike. Vitu vidogo, kama pointi, kondensa, raba za breki na gaski, huletwa na ndugu anayerudi likizo kutoka London au Leicester, havina uzito. Mabati ya sili ni marefu, hayo yaje kwa meli pamoja na vitu vingine vizito, mara moja.

Mikanda ya viti ifungwe kwenye chuma kizima baada ya sili kukaguliwa, siyo kabla. Na ukilitoa kwa mara ya kwanza usiende Kilifi. Zunguka mtaani Tudor, rudi, lala chini utazame panapovuja. Siku ya pili vuka daraja la Nyali alfajiri kabla ya foleni, rudi. Wiki nyingine fika Mtwapa. Gari lililolala hivi linataka kukumbushwa kazi yake, na linataka kuendeshwa kila wiki baada ya hapo, nusu saa mpaka lipate moto kweli, la sivyo raba zitakauka upya. Ukitoka barabara ya karibu na bahari lioshe chini kwa maji baridi yasiyo na chumvi, siku hiyo hiyo.

Siku ya Kilifi ondokeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kaskazi likiwa linavuma, upande wa mashamba ya mkonge ya Vipingo utapata upepo mzuri na jua halijawa kali. Viti vya MGB viko chini sana. Mama akae kwanza akiwa ametazama nje, kisha azungushe miguu aingize ndani, wewe umshike mkono. Leso aifunge kwa pini mbili, kuanzia kilomita sitini kwa saa upepo unapita juu ya kioo unarudi kwa nyuma na kuvuta kila kitu. Ukiinua vioo vya milango unapungua sana.

Na ikiwa utafika mbali zaidi ya ulivyoomba, Nairobi kuna shindano la magari ya kale, Concours d'Elegance, linalofanyika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Racecourse. Hata usiposhindanisha, nenda ukatazame MGB za wenzako na uwaulize wenyewe. Wenye magari haya hawachoki kueleza. Ukimuuliza mmoja habari ya sili, tafuta kiti.

Jumamosi hii usimwite fundi yeyote. Tafuta sumaku, kitambaa, tochi na rula. Niandikie zile namba nne za milango, namba ya kibati, na uniambie sumaku imeteleza wapi.